Walitafuta Majina Tu

Wenzangu mliobaki pale dawatini,

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, soda, na keki yenye jina langu, na bosi wetu akasoma hotuba ambayo ingemfaa mtu yeyote aliyewahi kuvaa buti. Nawashukuru. Saa inakwenda mbele kuliko wakati, lakini mstaafu hana pa kuwahi. Kisha mkaniita tena nije kukaa kwenye ule mkutano wa waandishi chipukizi, ambapo mmoja wenu alionyesha ukutani orodha ya dalili za utapeli wa mtandaoni. Orodha ilikuwa nzuri. Nilikaa nyuma nikaisikiliza mpaka mwisho. Watoto wa watu wakaipiga picha kwa simu zao, wakaenda kunywa chai, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Nikasema moyoni, hawa wataibiwa wote.

Ndiyo maana naandika. Orodha husahaulika kabla chai haijapoa, ila mtu aliyeumizwa mbele ya macho yako hasahauliki. Nitawasimulia kesi moja, ya mwisho niliyoishika. Majina ya watu nimeyabadilisha yote. Kuna jina moja ambalo hata la kubadilisha sitaliweka, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Lakini nianzie nilikoanzia, kwa sababu mnadhani kazi hii ilianza na kompyuta.

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Nilizaliwa Mbuya, baba Mwislamu wa Nile Magharibi, mama Mkatoliki wa upande wa Gulu. Nyumbani tulikula Iddi na Krismasi, na tuliongea Kiswahili ili wazazi wakigombana asiwepo wa kumzidi mwenzake kwa lugha yake. Kiswahili hicho ndicho kilichonipeleka polisi. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa bunduki au angalau kirungu. Nikapewa kiti chenye mguu mmoja mfupi, kioo cha kukuzia maandishi, na Afande Okello.

Afande Okello alikuwa mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea viatu. Dawati letu lilishughulika na hati za kughushi. Alinisukumia rundo la barua akasema, "Soma." Nikasoma. Nikaona mihuri imechongwa kwa raba ya ndala, nikafurahi, nikamwambia muhuri ni wa uongo.

"Muhuri karani anaangalia," akasema. "Wewe soma barua. Huyu mtu anatakiwa afanye nini?"

Nikasema anatakiwa atume ada ya usajili.

"Kwa sababu gani yeye?"

"Kwa sababu amechaguliwa, Afande."

"Nani alimuomba achaguliwe?"

Hakungoja jibu langu. Aliniambia barua ya mwizi iko na vitu vitatu: inasifu, inakimbiza, na inafunga mlango wa kuulizia. Barua ambayo haina hata kimoja inaweza kuwa ya mtu mwema au ya mjinga. Yenye vyote vitatu usipoteze muda kutafuta muhuri. Alikufa kabla simu hazijawa na kamera, na mpaka leo sijapata cha kuongeza kwenye mafundisho yake, isipokuwa kimoja nitakachowaambia.

Barua zilibadilisha nguo tu. Kwanza zilikuwa za kupigwa chapa: urithi wa mzungu aliyekufa bila watoto, masomo ya bure nchi za nje, kazi ya kupika kwa tajiri wa Uarabuni. Zikaja kwa faksi. Zikaja kwa barua pepe, na sisi tukaletewa kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama kitoweo. Baadaye zikaingia kwenye simu, na hapo kila mtu akawa na mwizi wake mfukoni.

Waandishi walikuja mwishoni kabisa. Nakiri nilicheka. Sikujua kwamba mwandishi ana kitu cha kuibiwa. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari wa Lubaga aliyeshinda shindano la mashairi. Alinionyesha cheti kwenye simu, chenye utepe wa dhahabu, na pembeni picha ya bibi wa kizungu akitabasamu. Alitakiwa alipie kukisafirisha. Nikamuuliza alituma shairi gani. Akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hakumbuki kutuma.

Baada yake wakaja wengi, na ndipo nikajifunza biashara yenyewe. Mchapishaji wa kweli hana haja ya kukutafuta. Miswada imemjaa mpaka mlangoni, na mingi hataisoma. Anayekutokea mtandaoni na kusema ameona kipaji chako, muulize alikionea wapi. Yule wa kweli hukujibu kwa kuchelewa, hukukosoa, na akikukubali pesa inatoka kwake kuja kwako, hata ikiwa kiduchu. Wapo wanaochapa kwa kulipwa, na hiyo si dhambi: mpiga chapa wa mjini anakutajia bei, unaiona mashine yake, unabeba vitabu vyako kichwani unakwenda zako. Tapeli ni yule anayekuambia umechaguliwa, kisha anakutoza kwa ajili ya kuchaguliwa. Leo kuhariri, kesho kusajili, keshokutwa kutafsiri kwa ajili ya watu wa filamu. Jina la kampuni yake linafanana na la kampuni kubwa, tofauti yake ni herufi moja tu. Ana picha za ofisi lakini hana mlango. Ukitaka kumwona uso, mtandao wake siku hiyo ni mbovu. Na kila ukifikiria kumuuliza mtu mwingine, anakuambia nafasi inafungwa saa kumi.

Haya yote kijana wenu wa ile orodha aliyasema. Sasa sikilizeni ambalo hakulisema.

Alikuja asubuhi moja mama wa Kikongo, mshonaji wa mtaa wa Kisugu. Nitamwita Mama Aganze. Nilimwonyesha kiti, hakukaa. Aliuliza kama mlango unaweza kufungwa. Mlango wetu mnaujua, haufungiki, kwa hiyo niliuegemeza na ndoo.

"Mama afande," akasema, "siko hapa juu ya pesa. Pesa ilishakwenda. Niko hapa juu ya muntu."

Alikuwa ameandika kitabu. Aliandika kwa kidole gumba, kwenye simu, kati ya mteja na mteja, cherehani ikipumzika. Kilianzia kanisani. Kwao mtu akiokoka kwenye jambo zito husimama mbele ya watu na kutoa ushuhuda, na ushuhuda una adabu yake: unamshukuru Mungu, kisha unamtaja binadamu aliyetumwa na Mungu. Ukisema "mtu fulani alinisaidia," watu wanaguna. Wanataka jina, wamwombee kwa jina. Mama Aganze kila mwaka alisimama akashukuru, na kila mwaka alimficha mtu wake, watu wakaguna. Mke wa mchungaji akamwambia, kama huwezi kusema, andika. Akaandika. Na kwenye maandishi, ambako hakuna aliyemtazama, akamtaja.

Mtu huyo ni mzee aliyekuwa jirani yao kule kwao kilimani, ng'ambo ya mpaka. Siku watu wenye silaha walipokuja kuwatafuta watu wa ukoo wa Mama Aganze, mzee aliwaficha yeye na watoto kwenye ghala lake la muhogo, akasimama mlangoni akasema hakuna kitu. Waliokuwa wakitafuta walikuwa watu wa upande wake mwenyewe. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kaka yake. Mama Aganze alivuka mpaka, mzee akabaki, na wale wenye silaha nao wakabaki. Kilima bado ni chao. Mpaka leo hakuna anayejua kule kwamba alidanganya siku ile, na kwa kuwa hakuna anayejua, mzee yuko hai.

Mnaelewa sasa kilichokuwa ndani ya ile simu.

Aliweka sura moja mtandaoni, ile ya kuvuka mto, ambayo haina jina la mtu. Baada ya muda mfupi akaandikiwa na "mhariri mkuu" wa shirika la vitabu. Alimsifu, akamwita sauti ya wasio na sauti, akamwomba muswada wote na akamtumia fomu. Nimeiona fomu hiyo. Jina lako kamili, jina la baba yako, kijiji, jina la chifu, na majina ya mashahidi walio hai wanaoweza kuthibitisha kisa, pamoja na mahali wanapoishi.

Nilimuuliza kwa ukali, na sauti yangu ilisikika mpaka kwenye kaunta, "Mama, kwa nini ulijaza?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua.

"Nilijaza fomu ngapi tangu nivuke mpaka? Kila ofisi banasema, sema yote. Nani alikufa, nani aliona, nani atashuhudia. Ukificha, faili yako inarudi nyuma. Mficha uchi hazai, bananiambia vile. Sasa hawa nao bakaleta fomu. Nikajua ni batu ba kweli."

Nimekaa kwenye dawati hilo miaka yangu yote nikifundisha watu kwamba tapeli anajulikana kwa kuuliza mambo mengi mno. Huyu mama maisha yake yote ya ukimbizi alifundishwa kinyume chake: anayeuliza mengi ndiye mwenye mamlaka, na anayeeleza mengi ndiye anayesaidiwa. Fomu ile ndiyo iliyomtuliza. Na sisi wa serikali ndio tuliomzoesha.

Alilipa alichotakiwa kulipa mpaka akaishiwa. Alipoomba wangoje, lugha ya mhariri mkuu ikabadilika. Ujumbe ulisema kwamba asipokamilisha, kitabu chote kitawekwa mtandaoni bure, na jina la mzee litatangulizwa juu kabisa, pamoja na kijiji.

Nilimwomba ajaribu jambo moja nililokuwa nikiwafundisha waandishi. Ukitaka kujua kama mtu amekisoma kitabu chako, muulize kitu cha katikati. Mwanzo kila mtu anaupitia. Tukakaa pale mezani, akaandika: Ni kitu gani kilikugusa kwenye sura ya ghala? Jibu likaja upesi. Kila ukurasa unatoa machozi, safari yako ni mwanga kwa dunia, tafadhali kamilisha malipo kabla ya saa kumi.

Mama Aganze alilisoma, akaiweka simu kifudifudi.

"Hawakusoma," akasema.

Vitisho alikuwa amevisimulia macho makavu. Hapo ndipo alipolia. Niliona uchungu na sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikampa maji.

Kumfuatilia mhariri mkuu hakukuwa kugumu kama mnavyopenda kuwasimulia watu kwenye vipindi vya redio. Namba ya simu iliyopokea pesa ilisajiliwa kwa jina la muuza chapati, mama aliyewahi kumwazima mtu kitambulisho chake. Muuza chapati alimkumbuka aliyemwazima, kwa kuwa alikuwa pia na deni la chapati. Tukaishia Lubaga, kwenye chumba safi chini ya kilima cha kanisa kuu, chenye zulia na taa ya kupigia picha. Kijana aliyetufungulia alivua viatu vyake na kutuomba tuvue vyetu. Nitamwita Brayani. Alikuwa na shahada, na adabu, na shati lililopigwa pasi. Miswada ya watu ilikuwa imepangwa kwenye kompyuta yake kwa majina ya wenyewe: mashairi, riwaya, maisha ya shangazi wa mtu, mahubiri. Kazi za miaka ya watu zilikaa pale hazina hata mlango wa kubisha.

Kituoni nilimfungulia kile kitabu cha Mama Aganze. Nilitaka tu kujua.

"Hiki ulikisoma?"

"Afande, hapana. Ni mulefu sana. Mimi natafuta majina tu."

"Majina ya nini?"

Akanieleza bila aibu, kama fundi anavyomweleza mteja. Zamani aliwatoza waandishi kwa ajili ya kitabu. Wengi wakichoka wanaacha kitabu, wanasema basi. Halafu siku moja mwandishi mmoja akamsihi atoe jina la dada yake kwenye muswada. Brayani akaona huyo alivyolipa.

"Mutu kwa kitabu yake anachoka," akasema. "Kwa jina ya mutu mwingine hachoki. Analipa halaka."

Hilo ndilo ninaloongeza kwenye mafundisho ya Afande Okello. Zamani mwizi alitaka kilicho mfukoni mwako. Huyu wa sasa anatafuta unayempenda, kisha anakuuzia usalama wake kidogo kidogo. Na mwandishi, kwa kazi yake, ndiye mtu pekee anayewaandika wapendwa wake wote mahali pamoja na kuwatuma kwa mgeni.

Nilifurahi sana wiki ile. Nilidhani nimebakiza kesi moja nzuri ya kuondokea. Nikapeleka faili kwa mwanasheria wa serikali, binti mchapakazi mwenye macho ya usingizi, naye akalisoma mpaka mwisho, akalifunga.

"Vitisho vinahusu kitabu," akasema. "Kwa hiyo kitabu ni kielelezo. Lazima kiingie mahakamani."

"Majina tuyafute."

"Nitaomba yafichwe. Hakimu anaweza kukubali. Lakini mshtakiwa ana haki ya kuona anachoshtakiwa nacho, na wakili wake atapata nakala, na makarani wataishika. Mama Zaituni, siwezi kumwahidi huyo mteja wako kitu."

Nilikwenda Kisugu mwenyewe kumweleza. Mama Aganze alikuwa anashona sare ya kwaya. Alinisikiliza akizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, bila uzi.

"Mahakamani nani anaingia?" akauliza.

"Anayetaka. Ni mlango wazi."

"Hata batu ba kwetu?"

Kisugu mnaijua. Wamekimbilia pale watu wa pande zote mbili za kila ugomvi wa kule, wanachota maji bomba moja. Nikasema ndiyo, hata hao.

"Basi toa kesi."

Niligombana naye, sifichi. Nilimwambia Brayani atarudi kwenye zulia lake na kuwafanyia wengine. Nilimwambia kuna miswada ya watu chungu nzima kwenye ile kompyuta na wenyewe wanaogopa kuja, yeye peke yake ndiye aliyepata moyo. Nilipandisha sauti mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka. Mama Aganze alingoja nimalize.

"Mama afande," akasema, "weye uko na kesi. Miye niko na muntu."

Kesi ikaondolewa. Na mnajua kanuni: kesi ikiondolewa, mali inarudi kwa mwenyewe. Nilimlazimisha Brayani afute kile kitabu mbele yangu, mbele ya Mama Aganze, mpaka kwenye kapu la takataka la kompyuta. Alifuta bila ubishi. Nikamrudishia mashine yake kwa mkono wangu huu. Akatia sahihi, akasema asante, akauliza chaja yake iko wapi.

Alipotoka, Mama Aganze aliniuliza, "Sasa imeisha?"

Brayani alikuwa ametuambia kwamba kila muswada huutuma kwa wenzake nje ya nchi, wale wanaoandika zile barua tamu. Yeye ni wa kutafuta majina na kupokea pesa tu. Hao wenzake hatuwajui majina wala nchi. Ningeweza kumdanganya yule mama, alale. Nilimwambia sijui.

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua tayari. Hakupiga simu kilimani, simu ya kule ni ya kuazima na anayekuazima anasikiliza. Alituma neno kwa mdomo, kupitia mfanyabiashara wa vitenge anayevuka mpaka. Neno lilikuwa fupi: jina lako limetoka, usikae.

Kwa hiyo mkiitwa tena kwa waandishi, msianze na mihuri. Waambieni kwanza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwandishi akisifiwa hutuma sura zote. Atume sura moja, tena isiyo na mtu wa kuumizwa. Kabla hajabonyeza kutuma, awape walio hai majina mengine na vijiji vingine, na majina ya kweli ayaweke kichwani, si kwenye simu. Akitumiwa fomu inayouliza mashahidi wanaishi wapi, ajue kwamba kitabu hakihitaji mashahidi, mahakama ndiyo inawahitaji. Amtafute mwandishi mmoja aliyechapwa na kampuni hiyo, amsikie kwa sauti yake, akione kitabu chake kwa macho dukani. Aulize kitu cha katikati. Na akiambiwa saa kumi, angoje mpaka saa kumi na moja. Akitishwa, aje kwenu mapema, kabla hajalipa cha kwanza, kwa sababu anayelipa kwa ajili ya jina ameshaonyesha bei yake. Na nyinyi, akija, fungeni mlango. Nunueni hata kitasa.

Nilistaafu kabla ya kujua kilichotokea kilimani. Mwezi uliopita Mama Aganze aliniita Kisugu, nikadhani ni nguo, kwa kuwa nilimpa kitambaa. Nikamkuta mzee amekaa kwenye benchi la wateja, amevaa koti la mtu mwingine, mikono magotini. Alisimama kunisalimu, akanipa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Alikuwa amelipokea neno, akaondoka akiwa na jembe begani ili watu wadhani anakwenda shambani. Jembe lilikuwa pale, nyuma ya mlango wa fundi cherehani. Vita vilipita mlangoni kwake sijui mara ngapi na havikumtoa. Alimzika mkewe kule, akapanda kule, akazeeka kule. Aliyemtoa ni kijana wa Lubaga mwenye zulia, ambaye hakuwahi hata kumsoma.

"Nasikia niko mu kitabu," akamwambia Mama Aganze. "Nionyeshe."

Mama Aganze akanitazama. Kisha akampa simu. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, baba. Hakikuchapwa."

"Nisomee fasi yangu."

Akaanza kumsomea sura ya ghala. Alisoma vizuri mpaka pale mzee aliposimama mlangoni mbele ya mtoto wa kaka yake. Mzee akainua kiganja, naye akaacha kusoma.

"Ile neno ya siku ile mlangoni," akasema, "hata bibi yangu sikumwambia. Alikufa hajui."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Mama Aganze alijifunika uso na sare ya kwaya, na mzee akasema, "Endelea, mwanangu," lakini Mama Aganze hakufunua uso. Nikaichukua simu nikasoma mimi, kwa Kiswahili changu cha kambini. Niliwahi kukisoma chote kituoni, na nathubutu kusema mimi ndiye msomaji wake wa kwanza. Ni kitabu kizuri. Nilikuwa sijamwambia.

Nilipofika kwenye jina la mzee, nikaliruka. Alitambua. Nadhani alikuwa analingoja.

"Taja tu, mama," akasema. "Nimeisha kutoka."

Nikalitaja. Hapa siliandiki, kwa sababu ana mabinti walioolewa kilima kilekile.